Ubani wa Ghorofa ya Tatu

Juzi tumemzika Bi Nurten, na kwenye maziko yake nikaaibika tena. Waturuki wana desturi yao: jeneza likishawekwa mbele kwenye uwanja wa msikiti, imamu huwageukia watu na kuwauliza kama wamemsamehe marehemu haki zao zote na yote aliyowakosea, na watu wote kwa sauti moja hujibu kwamba wamemhalalishia. Huulizwa mara tatu. Mimi desturi hiyo naijua, nimeshazika Waturuki wa kujaza treni nzima ya Auburn, huku Sydney, lakini ile mara ya tatu mawazo yangu yalikuwa yamerudi kwenye jengo letu la zamani, nikachelewa. Umati wote umeshajibu na kunyamaza, ndipo sauti yangu ikatoka peke yake, nene, kama honi ya lori. Kijana wa safu ya mbele akageuka kabisa kunitazama. Nikaangalia viatu vyangu. Nakaribia miaka hamsini, nina mvi za kutosha kujaza mto wa kulalia, nina cheti cha shule ya jioni nimekitundika sebuleni ndani ya fremu ya dhahabu, na bado nikiwa kati ya watu wanaoswali masikio yangu hupata moto kama ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Moto huo naujua ulipoanzia. Ulianza mwaka wetu wa kwanza pale Auburn, katikati ya ile miaka ya elfu mbili ambayo televisheni ikisema neno Mwislamu, watu ndani ya treni walikuwa wanaangalia begi lako kabla ya uso wako.

Mimi na Shangazi Mwajuma ni Waislamu wa Bujumbura, wa mtaa wa Buyenzi, tuliopitia kambi ya wakimbizi ya Kigoma. Yaliyotupeleka kambini sitayaandika hapa. Tulipewa fleti ghorofa ya tatu, vyumba viwili, jiko dogo kiasi kwamba ukifungua friji mtu mwingine lazima atoke nje. Dirisha moja liliangalia reli, jingine liliangalia duka la nyama la Mlebanoni lenye neno halali limeandikwa kwa taa za kijani kibichi. Siku ya kwanza Shangazi alisimama kwenye lile dirisha akasoma neno lile kwa sauti, akatoka akazunguka mtaani, akarudi akaniambia amehesabu wanawake waliojifunika mpaka hesabu imemshinda. Yeye alikuwa ameapa kwamba Australia atakuwa Mwislamu peke yake na mimi. Warundi wenzetu wa Sydney karibu wote ni Wakristo, watu wa kwaya na ibada ndefu, na tukiwaambia tunafunga Ramadhani walituuliza kwa upole kama mama zetu walikuwa Watanzania. Basi kuona ule umati wa Waislamu, Waturuki, Walebanoni, Waafghani, Wabosnia wenye macho ya bluu, Waindonesia, Shangazi alifungua mikono pale jikoni akasema tumefika kwetu. Mimi pia nilisema hivyo. Tulisema hivyo kwa muda wa kama siku tano.

Ijumaa ya kwanza nilivaa kanzu aliyoipiga pasi Shangazi mpaka ikawa inasimama yenyewe, nikaenda msikiti wa Waturuki. Nilitamani kulia kwa uzuri wa lile kuba, yale mazulia, zile taa. Imamu akaanza kusoma, sauti kama asali, na alipofika mwisho wa Alhamdu nikafanya nilivyofanya tangu nizaliwe, nilivyofundishwa na kila mtu wa Buyenzi: nikavuta pumzi nikasema aaamin, ndefu, ya kutoka tumboni. Kwetu msikiti mzima husema, na bati hutetemeka. Pale ilisema yangu tu. Ilipanda mpaka kwenye kuba, ikazunguka, ikashuka, na nina hakika ilisikika hadi Macquarie Fields, mwisho kabisa wa jiji. Waturuki amin husema kimoyomoyo. Hakuna aliyenikemea. Mzee aliyekuwa bega kwa bega nami alinipapasa mkono baada ya swala, kwa huruma, kama mtu anavyompapasa mgonjwa, na hiyo ndiyo iliyoniua. Nilitoka kwa mlango wa pembeni. Kuanzia wiki ile nikaanza kulifundisha koo langu. Hata nikiswali nyumbani, nilikuwa nikifika kwenye amin naibana kama mtu anayezuia kikohozi, na nikafaulu. Mimi katika maisha yangu sijawahi kufeli somo nililojisomesha mwenyewe.

Kazini, kwenye ghala moja kule Smithfield, nilikuwa na rafiki, Bilal, kijana wa Kilebanoni aliyezaliwa hapahapa, anaongea kile Kiingereza chao kama mtu anayetafuna. Nilipomsimulia aibu yangu alicheka hadi akaegemea makreti. Akaniambia niende msikiti wao, kule amin inasemwa kwa nguvu mpaka majirani wanajua tumemaliza Alhamdu. Nilifurahi. Kisha, kwa furaha hiyohiyo, nikamwambia kwamba Shangazi anataka kusoma maulidi na yeye amealikwa. Bilal akaacha kucheka. Kwa heshima nyingi, maana alikuwa mtu mwema na bado ni mtu mwema, akanieleza kwamba kwao jambo hilo halina msingi, Mtume mwenyewe hakufanya, na kwamba anampenda sana shangazi yangu lakini hataweza kukaa ndani. Nikarudi nyumbani ndani ya basi nikiwaza: msikiti unaoikubali amin yetu hauyakubali maulidi yetu, na ule mwingine sina uso wa kurudi kuuliza kama unayakubali au la. Umati wote ule wa Auburn, na sisi tumekuwa wageni wa wageni.

Na maulidi yale hayakuwa jambo la kuahirisha. Kambini, Shangazi alikuwa ameweka nadhiri: siku Mungu atakapompa mlango wake mwenyewe, wenye kitasa na ufunguo, atasoma maulidi mazima, kwa ubani, kwa marashi na kwa pilau, watu wasimame pale pa kusimama, na dua ifungwe. Mlango alikuwa nao sasa. Kila alipoufunga na kuufungua alikuwa ananiangalia. Alikuwa na maulidi yote kichwani, tangu usichana wake alikuwa msomaji wa kina mama wa Buyenzi, lakini maulidi hayasomwi na mtu mmoja, yanataka waitikiaji. Aliponiambia kwamba amepata waitikiaji nilidhani ni Waindonesia wa ghorofa ya kwanza. Alikuwa amempigia Mama Jeanine.

Mama Jeanine ni Mrundi, Mkristo, nguzo ya kwaya ya kanisa lao, alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya wazee na kukaa Macquarie Fields. Lakini alizaliwa Buyenzi, ukuta mmoja na kwa akina Shangazi. Alikuja Jumapili ya maulidi, baada ya ibada, akiwa bado na sare ya kwaya, na wenzake wawili, akakaa jikoni akimenya vitunguu. Nikamvuta pembeni nikamwuliza kama anajua anachokuja kufanya.

"Wewe," akaniambia, "hii maulidi ya shangazi yako mimi naijua. Kila mwaka ilikuwa inatunyima usingizi, mpaka baba yangu akaanza kuitikia kitandani. Vraiment, kweli kabisa, nitaitikia kuliko wewe."

"Na pasta akisikia?"

"Pasta atauliza kama pilau ilibaki."

Nami nilikuwa na aibu. Niseme ukweli wa aibu ile, ilikuwa na pande zake kama nyumba. Niliwaonea aibu Waislamu, kwamba waitikiaji wa maulidi yetu ni kwaya ya kanisa. Niliwaonea aibu Wakristo, kwamba Mrundi mwenzao anafukiza ubani. Nililionea aibu jengo zima, kwa harufu, kwa sauti, kwa viatu vilivyojaa kwenye korido. Shangazi alikuwa amepanda ngazi zote akiwaalika majirani kwa ishara za mikono, na yule bibi wa Kituruki wa ghorofa ya nne, Bi Nurten, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kama cha Shangazi, yaani hakipo, alidhani anaombwa chumvi, akamletea kikombe kizima. Bilal alikuja. Hakuingia. Alisimama koridoni na sahani ya pilau, akila kwa kasi ya mtu ambaye kwake pilau ina msingi imara kabisa.

Shangazi alianza kusoma, na pale sikuona aibu tena kwa muda. Mwanamke yule ambaye dukani alikuwa ananong'ona na kuonyesha kwa kidole, sauti yake ilijaa fleti, ikatoka dirishani ikashindana na treni. Mama Jeanine na wenzake waliitikia kwa sauti tatu tofauti, ya juu, ya kati na ya chini, kitu ambacho Buyenzi haikupata kukisikia. Wakakaribia pale pa kusimama, pale panapotajwa kuzaliwa kwa Mtume, ambapo watu wote huinuka kwa heshima. Hapo ndipo ubani huongezwa na marashi hunyunyizwa. Shangazi alikuwa na chetezo chake alichokibeba kutoka kambini, na makaa aliyokuwa ameyawasha juu ya jiko la umeme. Akatia ubani wa mwaka mzima. Moshi ukapanda, na kile kidude cha moshi kilicho darini kikaanza kupiga kelele. Mama Jeanine akakipepea kwa kanga. Shangazi, bila kukatiza kisomo, akaashiria mlangoni, na kati ya mstari na mstari akasema, "Fungueni, majirani nao wapate." Kwetu ndivyo ilivyo. Ubani hauwi wako peke yako, mlango hufunguliwa ili harufu ile na baraka zake ziingie kwa kila mtu. Mlango ukafunguliwa. Moshi ukatoka koridoni kama ng'ombe waliofunguliwa zizini.

Ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekijua ni kwamba kidude cha ndani ni cha kukuudhi wewe tu, lakini cha koridoni kimeunganishwa na zimamoto. Ukifungua dirisha umepona. Ukifungua mlango umeita serikali. King'ora kililia ghorofa zote, na sauti ya mwanamke wa mashine ikawa inaamuru watu watoke. Shangazi alikatika katikati ya neno, mdomo wazi. Dakika chache baadaye jengo lote lilikuwa limesimama kwenye nyasi za mbele: Wachina na mtoto mchanga aliyevaa soksi moja, Waafghani, Waindonesia, mzee wa Kizungu wa chini aliyembeba paka ndani ya taulo, Bi Nurten na ndala zake, wanakwaya watatu, na Bilal na sahani yake. Magari mawili ya zimamoto yalikuja, mekundu, makubwa kuliko Bujumbura, na nyuma yao gari la polisi likasimama polepole. Wanaume wenye kofia za chuma wakapanda mbio kutafuta moto. Moto ulikuwa chini pamoja nasi. Shangazi alikuwa amebeba chetezo mkononi, kinafuka, kwa sababu alifundishwa kwamba mtu haachi moto ndani ya nyumba akatoka.

Mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza. Mwaka ule shule ya jioni ilikuwa imeshanifundisha kuagiza kahawa, kulalamikia bomba linalovuja, na kusema napenda kuogelea ilhali siogelei. Afande wa zimamoto akaniuliza kimeungua nini.

"Moshi," nikasema.

"Moshi nauona, mate," akasema, ndivyo wanavyomwita rafiki. "Wa nini?"

Nikatafuta neno. Polisi wakageuza shingo. Kanzu yangu ikaanza kunibana. Nikasema ni manukato, kwa ajili ya Mtume. Hata paka alinitazama. Ndipo Bilal, ambaye hakukubali kuketi kwenye maulidi yale, akaja na sahani yake akasimama kati yangu na wao.

"Ubani, mate," akawaambia kwa kile Kiingereza chake cha kutafuna. "Kama wa kanisani. Ni shughuli ya shangazi yake."

Afande akasema aa, kwa bibi yake kanisani wanafukiza hivyohivyo, na tangu utoto unamfanya apige chafya. Akamwomba Shangazi chetezo kwa adabu, akakimwagia maji kutoka kwenye chupa yake ya kunywa. Kikatoa sauti ya kuzimika, ssss, na Shangazi akafumba macho. Mzee wa Kizungu akaniuliza kama tunakusudia kufanya hivi kila wiki. Hakuwa na ubaya, alitaka kujua tu, lakini Shangazi alimwona usoni na hakuhitaji tafsiri. Akamtazama yule mtoto wa soksi moja, akawatazama wazee walioshushwa ngazi wameshikwa mikono.

"Waambie warudi ndani, Shabani," akaniambia. "Mimi nitakaa hapa nje."

Katika kurudi, Bi Nurten alimpitia karibu, akasimama. Akaushika mkono wa Shangazi, ule uliokuwa na marashi, akauleta puani, akauliza neno moja, maulidi kwa Kituruki: mevlit? Shangazi, ambaye machozi yalikuwa yanamtoka, akaitika kwa kichwa bila kujua kama ameulizwa au amelaumiwa.

Kuanzia siku ile Shangazi akaacha kutumia lifti, asikutane na watu. Mlango aliouombea miaka yote ile akawa anaufungua taratibu, anachungulia kwanza. Aliwapelekea majirani pilau mlango kwa mlango, akiiweka chini na kukimbia kama mwizi anayerudisha mali. Lakini kilichomla ni kingine. Tukila, katikati ya tonge, alikuwa ananiuliza: nadhiri iliyokatika katikati ni nadhiri? Dua haikufungwa. Mbele za Mungu amesoma au hajasoma? Akiyaanza upya, zimamoto wataitwa tena. Asipoyaanza, atakufa na neno nusu mdomoni. Nilimwuliza Bilal. Akafikiri sana, akasema kwamba kwa anavyoelewa yeye nadhiri ya jambo lisilo na msingi haitimizwi, atoe kafara alishe maskini, imekwisha. Jibu lile sikulifikisha nyumbani, kwa sababu lingemwambia kwamba wote waliomfundisha walikuwa wamepotea. Msikiti wa Waturuki ulikuwa umbali wa kutembea, imamu yupo, ningeweza kuuliza. Niliupita mlango wake mara nyingi nikiwa na swali mdomoni, na kila mara nilisikia amin yangu inazunguka kule kwenye kuba, nikaendelea na safari.

Karibu na mwisho wa mwaka Bi Nurten akagonga mlango. Alikuwa na vijikaratasi vilivyokunjwa kama pembe, ndani yake peremende, na binti yake wa kumtafsiria. Ilikuwa kumbukumbu ya kifo cha mumewe, wanasoma mevlit yao, na mama anamtaka yule bibi wa ubani. Shangazi alikataa kwa adabu zote anazozijua. Bi Nurten akamshika mkono akapanda naye ngazi. Nikafuata na viatu mkononi.

Wanaume tuliwekwa chumba cha kulala, tumejipanga kando ya kitanda kama abiria, mlango umeachwa wazi kidogo. Kwa upenyo ule niliona sebule, wanawake wa Kituruki wenye vilemba vyeupe, na Shangazi katikati yao, mweusi, mdogo, ameinama. Dirisha lilikuwa wazi. Darini, kile kidude cha moshi kilikuwa kimevishwa kofia ya nailoni ya kuogea. Mwanamke mmoja alianza kusoma kwa Kituruki, kwa mahadhi ambayo sikuyajua, maneno ambayo Shangazi hakuyajua hata moja. Yakaendelea. Na ghafla, watu wote wamekaa wametulia, nikamwona Shangazi anasimama.

Nikajisemea, yametupata tena, ni amin ile ile, safari hii ya kike. Amesimama peke yake kati ya watu waliokaa, kwenye nyumba ya watu, siku ya marehemu wao. Nilikuwa nimeshanyanyua makalio kitandani ili niende nikamvute kanga akae. Kabla sijafika mlangoni, chumba kizima kilisimama. Walikuwa wamefika pale pa kusimama. Shangazi alikuwa amepasikia kabla yao, kwa lugha asiyoijua, na akainuka. Wale wanawake wakawa wanapapasana migongo, ndiyo desturi yao mahali pale, na mkono wa Bi Nurten ulikuwa mgongoni kwa Shangazi, unapanda na kushuka. Binti akaja na marashi. Bi Nurten akamwashiria Shangazi: sasa wewe. Shangazi akaanza, na hakuanzia mwanzo. Alianzia kwenye lile neno lililokatwa na king'ora, nusu yake ya pili, kana kwamba alikuwa amelishikilia ulimini miezi yote ile, akaenda nalo mpaka mwisho, akafunga dua.

Kwenye dua Waturuki hawanong'oni. Kila alipovuta pumzi, sebuleni na chumbani watu walipaza amin, wanaume wale kando ya kitanda wakaitoa kwa vifua vyao vyote, kitanda kikatikisika. Mimi nilifungua mdomo na haikutoka. Nilikuwa nimelisomesha koo langu vizuri mno. Lilibana lenyewe, kimya, kwa ustadi, katika nyumba ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa inaitaka amin yangu.

Tukashuka kwa lifti. Shangazi alibonyeza kitufe mwenyewe, ameshika pembe yake ya peremende. Hakuwa na hasira.

"Nimewasikia Waturuki wote," akaniambia. "Yako nilikuwa naisikilizia, Shabani. Sijaisikia."

Juzi, kwenye maziko, baada ya sauti yangu kubaki peke yake hewani, nilimsukuma Shangazi na kiti chake cha magurudumu kutoka upande wa wanawake kuelekea kwenye gari. Masikio yangu yalikuwa bado yanawaka. Alikuwa amejifunika kanga usoni, nikadhani analia. Tulipofika garini akainua mkono akanipapasa, akaniambia, "Leo nimekusikia."